Mstari wa Saba, Mti wa Kumi na Moja

Wabrazili ndio walioubatiza ugonjwa huu Huzuni,
miaka ile michungwa yao ilipokufa imesimama.
Huku Sisilia, chini ya Etna, jina tumelipokea,
ila tunalitaja upesi, kama jina la mkwe tusiyempenda.

Februari, saa moja asubuhi. Nina mkasi, mifuko,
kalamu isiyofutika. Majivu ya mlima
yamelala juu ya majani kama unga;
nakung'uta tawi kabla ya kukata.
Kila mti vijiti vinne, unene wa penseli:
mashariki, magharibi, kusini, kaskazini.

Mti wa kumi ulinyauka ndani ya wiki tatu,
machungwa yakining'inia, madogo, damu ndani,
kama taa za sikukuu ambazo wenye nyumba
wamehama bila kuziondoa.
Wa kumi na mbili ni kisiki.
Huu katikati umesimama. Kijani. Hauna habari.

"Mkaidi huo," anasema Bi Venera Scuderi.
"Kama mume wangu."
Mumewe yuko ndani, anatazama mbio za baiskeli.

Maabara, nilitarajia kirusi kimoja.
Nilikuta ukoo.
Uzi mmoja una herufi elfu kumi na tisa na ushei,
na kila unaponakiliwa mwandishi anasinzia:
hapa ameruka herufi, pale kabadili,
pale kaacha ukurasa wa huyu
akaendelea na ukurasa wa ndugu yake.
Nakala ya nakala ya nakala,
wala hakuna asili ya kusahihishia.

Katika kijiti cha mashariki
wapole walijaa tele, na wakali mmojammoja,
kama changarawe kwenye mchele.
Kijiti cha magharibi kilikuwa na hesabu nyingine.
Mti mmoja, na mikono yake haiugui sawa.
Nikawachora ukoo wao kwenye karatasi:
mti mwingine, usio na majani.

Wapole walitangulia. Wakaketi.
Mkali akibisha hodi, viti vimekaliwa.
Tumezoea kusema dawa ya moto ni moto;
mimi niliona dawa ya moto ni jivu la vuguvugu
lililokwisha kula kuni.

Alhamisi nikarudi na furaha isiyo na adabu.
Usiukate, nikamwambia. Huenda tukaubebesha
kwenye miche michanga, upole wake ukawa kinga.
Bi Venera akavua glavu moja.
"Huenda. Na upole huo, utabaki upole?"

Nikanyamaza. Mwandishi anasinzia usiku na mchana.

"Wewe unaona maktaba," alisema. "Mimi naona mdanzi,
na juu yake chungwa alilolibebesha baba
kwa wembe wake wa kunyolea. Halafu naona bili ya maji.
Fidia ni ya mti uliong'olewa.
Mwezi wa nne naweka parachichi."

Akainama, akanionyesha kovu, shubiri moja juu ya udongo,
bila kujua kwamba ndipo penyewe:
danzi peke yake hustahimili,
chungwa kwenye mizizi yake hustahimili,
huzuni huingia pale walipoungwa.
Au alijua. Alipapapasa kwa kidole gumba,
mara mbili, kisha akavaa glavu.

Nilipewa hadi Jumamosi.
Nikakata vijiti arobaini. Tingatinga likaja mapema,
dereva akasubiri, injini ikiunguruma,
mumewe akanishikia mfuko bila neno.

Kumi na tatu vimeshika, nyumba ya wavu, Catania,
ambamo kidukari hapenyi.
Nimevisoma tena wiki hii: si wale wale kabisa.
Herufi chache zimehama. Naandika vibandiko vipya,
anwani ileile,
mstari wa saba, mti wa kumi na moja,
mahali ambapo sasa pana parachichi
lenye majani sita.